Nakala tu

Nimejaribu kulala mara mbili nimeshindwa, basi naandika. Wiki hii tumehamia nyumba mpya, mkataba wangu wa kazi umeongezwa mwaka mmoja, na Tatu kajifungua salama mtoto wa kike. Mtu mwingine angeandika hayo. Mimi kichwa kimeganda Jumanne asubuhi, chumba cha mikutano, kwenye maneno mawili ya Mwalimu.

Mnamjua Mwalimu. Ndiye aliyenifundisha kushika pipeti, kile kijimrija cha kupimia maji maabara, mkono usitetemeke. Hajawahi kunipandishia sauti, na Jumanne hakunipandishia pia. Nilikuwa nimemaliza kueleza habari za CESA5, jeni yangu ninayohangaika nayo tangu mwaka juzi. Akauliza:

"Ukiizima, mmea unakufa?"

"Haufi, Mwalimu."

"Unadumaa?"

"Kwa macho, hapana. Unakua kama wenzake."

"Basi, mwanangu, hiyo ni nakala tu."

Akafunga kalamu. Mwingine akasimama kueleza yake.

Nimeyarudia mazungumzo haya nikifungua maboksi, nikiosha vyombo, nikimsuka Neema nywele. Baba Neema kashaniambia mara tatu niyaache. Kila nikiyarudia najibu vizuri, kwa utulivu, hoja moja baada ya nyingine. Jumanne yenyewe nilisema "Sawa, Mwalimu," nikakusanya karatasi zangu. Angeniita kwa jina labda ningebisha. Aliniita mwanangu, ulimi ukafungwa.

Kwa hesabu hakukosea. Arabidopsis, mmea mdogo tunaoufanyia majaribio, ina jeni 10 za CESA, zote za kutengeneza vimeng'enya vinavyosokota selulosi, nyuzi za kuta za seli za mimea. Ya 1, ya 3 na ya 6 zinajenga ukuta wa kwanza wa seli, ule mwembamba unaotanuka seli inapokua. Ya 4, ya 7 na ya 8 zinajenga wa pili, ule mnene unaozuia mishipa ya maji isibonyee. Ya 10 ni pacha wa ya 1. Zinabaki ya 2, ya 5 na ya 9, ambazo ni ndugu wa ya 6, zimetokana na jeni moja ya kale iliyojirudufu. Ukizima ya 5 peke yake, ya 6 inaziba pengo. Ukizizima zote mbili, mche unadumaa vibaya. Kwa hiyo nakala, sawa, nimekubali. Hiyo "tu" ndiyo iliyonichoma.

Maana ni yeye Mwalimu aliyenionyesha, mwaka wangu wa kwanza, picha ya hadubini ya elektroni ambayo sijaisahau. Kwenye utando wa seli vimeng'enya vimejipanga kama ua la petali sita, ua linalotembea kwenye utando huku likiacha nyuzi za selulosi nyuma yake. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeonyesha picha ya wazazi wake, kwamba mwani wa baharini kama Valonia unavipanga kwa mistari, lakini ua lile linapatikana pia kwenye mwani wa maji baridi ulio jamaa wa karibu wa mimea ya nchi kavu. Yaani ua lilikuwepo kabla mimea haijatoka majini, zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita.

Na jeni yenyewe ina ukoo wa mbali kuliko huo. Inavyoelekea iliingia pamoja na sayanobakteria, yule bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga, aliyemezwa na seli nyingine akaishia kuwa kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli ya mmea. Ikajirudufu. Nakala moja ikaendelea na kazi ya zamani, nyingine ikapata nafasi ya kubadilika. Kwenye mimea ya mbegu nakala zikagawana kazi, hizi ukuta wa kwanza, zile wa pili. Physcomitrella, kile kijimmea kisicho na mbegu wala mizizi, kina CESA 7, nazo zilijirudufu kwa njia yake chenyewe, mbali na zile za mimea ya mbegu. Nyasi zikamchukua ndugu wa mbali wa ukoo huohuo, CslF, zikampa kazi ya kuunda kamba ya sukari ya ukutani ambayo Arabidopsis haina kabisa. Ondoa nakala zote katika habari hii, hubaki na mti hata mmoja.

Hayo ndiyo niliyopaswa kuyasema. Hayo, na jambo moja dogo zaidi, la ute wa mbegu, ambalo limechapishwa tangu 2011, nami nimelisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo.

Alhamisi jioni, wenzangu walipoondoka, nilichukua mbegu za mmea wa kawaida na mbegu za mmea uliozimwa CESA5. Mbegu ya Arabidopsis haizidi nusu milimita hivi, ukipumua vibaya zimeruka. Nikazitia maji. Mbegu kavu ikiguswa na maji, seli za ganda zinapasuka na kutema ute papo hapo. Nikaziweka kwenye mashine ya kutikisia kwa nusu saa, nikatia rutheni nyekundu, rangi inayoshika ute, nikainama kwenye hadubini.

Za kawaida zilikuwa zimezungukwa na duara nene la rangi ya waridi, limeshika pande zote. Za CESA5 zilibaki na ukingo mwembamba. Ute haukuwa umepungua, ulikuwa kwenye maji, umeponyoka. Mbegu ilitengeneza ute wake wote, ikakosa selulosi ya kuushikilia. Nikachukua mbegu nyingine, nikazitia ile rangi inayong'arisha selulosi chini ya mwanga wa urujuani. Kwenye mbegu ya kawaida kila seli ilitoa mwale, mwale kando ya mwale, kama jua linavyochorwa na mtoto. Kwenye ile nyingine palikuwa na giza na ukungu kidogo.

Pale ya 6 haikuziba pengo.

Nililia, na sioni aibu kuliandika. Nilikuwa najua jibu hili tangu zamani, lakini kulijua na kuliona likining'arizia machoni ni mambo mawili. Mwalimu aliuliza kama mmea unakufa, akauliza kama unadumaa. Maswali yote mawili ni ya haki. La tatu, la mbegu, lilikuwa langu mimi kulileta mezani, maana ndimi ninayekaa na jeni hii kutwa kucha, na sikulileta. Nikiwa nimeinama pale, hasira niliyoibeba tangu Jumanne ikaanza kunitoka, na mpaka nafunga mlango wa maabara nilikuwa nahesabu vioo vingapi vya hadubini niandae.

Jumatatu nitafika mapema, nipange viwili, cha kawaida na cha CESA5, kisha nimwambie, "Mwalimu, njoo uone." Atauliza nimetikisa kwa muda gani, namjua. Nitamjibu.

Sasa ni saa tisa usiku. Mama alipiga simu jioni kuulizia mtoto wa Tatu, nikamuuliza goti, akasema halimsumbui tena. Alilisema haraka mno. Na nikikumbuka vizuri, muda wote alikuwa anaongea amekaa, yeye ambaye siku zote akishika simu anazunguka uani mpaka mazungumzo yaishe.