Karama na Utubusara mezani kwangu

Tangu Jumatatu, hapa Majengo, Moshi, naandaa uwasilishaji wa mdomo unaolinganisha riwaya mbili za Shaaban Robert, Kusadikika na Kufikirika, na hadi jana jioni nilikuwa nikisimulia muhtasari wa kitabu kimoja, kisha cha pili, jambo ambalo si ulinganishi hata kidogo. Dada, aliyekuwa akichambua mchele, akanikatiza: “Sasa hivyo vitabu viwili vinakutana wapi?”

Nikafuta yote na kuanzia mahakamani katika Kusadikika, ambako Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha sheria, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Ndipo nikamleta Utubusara wa Kufikirika, mwalimu wa mtoto wa mfalme, ambaye naye anaponzwa na mawazo yake. Nimejipima kwa simu: dakika tisa, pamoja na kikohozi.