Gari inakula oili na chini hakuna tone: nilivyoitafuta mpaka nikaipata

Kama gari yako inapungua oili kila baada ya wiki mbili na kila fundi anakupa jibu lake, naomba usome hii kabla hujatoa hela yoyote. Mimi nilitoa, tena kwa kazi kubwa ambayo haikuhusiana na tatizo, na inaniuma mpaka leo kwa sababu vipimo vingi vya kujua oili inaenda wapi ni vya bure, vinataka tu uvumilivu na daftari.

Gari yenyewe ni ya Kijapani ya 2003, siti saba, cc 1800, otomatiki. Niliinunua mkononi mwa mtu hapa Dar na miezi ya mwanzo sikuona shida yoyote, nilikuwa namwaga oili ya zamani na kuweka mpya kila kilomita 5,000 kama watu wote afu katikati sigusi kitu. Siku moja natoka Dodoma nimesimama sheli pale Msamvu, Morogoro, kuweka mafuta, kijana wa pale akaniomba afungue boneti aangalie oili na maji, nikamwambia angalia tu. Akachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, akaifuta na tambara, akairudisha, akachomoa tena, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Ncha tu ndo ilikuwa na unyevu. Akaniangalia akasema, "Braza, humu hamna kitu." Ilikuwa kilomita 2,000 tu tangu sevisi, na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka hata sekunde moja.

Hapo kwenye taa niseme kabisa maana watu wengi wanaitegemea. Ile taa nyekundu ya kikopo cha oili haipimi oili imebaki kiasi gani, inapima presha. Pampu ikiendelea kupata chochote cha kuvuta kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, presha inakuwepo na taa inabaki imezimwa, inakuja kuwaka oili ikiwa imeisha kiasi kwamba ukikata kona pampu inavuta hewa, na wakati huo beringi za krankshafti zimeshaanza kusagana. Yaani ukisubiri ile taa umechelewa.

Fundi wa kwanza aliingia chini ya gari na tochi, akakuta pale injini inapoungana na gia boksi kumelowa, akasema sili ya nyuma ya krankshafti imekufa. Kazi hiyo ni ya kushusha gia boksi, siku mbili gari imelala gereji, nikalipa. Wiki tatu baadaye pamelowa vilevile. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba oili inatiririka kushuka chini, na ukiwa unaendesha upepo unaisukuma kwenda nyuma, kwa hiyo sehemu unayoiona imelowa huku chini inaweza kuwa mbali kabisa na sehemu inapotokea. Unaanza kutafuta juu, unashuka nayo. Ile sili niliyobadilishiwa huenda ilikuwa nzima.

Baada ya hapo nikashauriwa niweke oili nzito, nikatoka kwenye 5W-30 nikaenda 20W-50. Ilipungua kasi kidogo kwa muda afu ikarudi palepale, na asubuhi nikiwasha injini inagonga gonga juu mpaka oili ifike. Siwalaumu wanaoshauri hivyo, ila ile oili haijatengeneza chochote, imekuwa nzito tu kupita mahali palepale palipoharibika.

Ndo nikanunua daftari la shule. Nikajaza oili mpaka alama ya juu, nikaandika kilomita zilizosoma kwenye dashibodi, na kila Jumamosi asubuhi kabla sijawasha napima palepale kwenye sakafu ya geti ambayo ni tambarare. Sehemu ileile na hali ileile ni muhimu sana, ukipima leo injini ya baridi kesho ya moto imezimwa sasa hivi, utapata majibu mawili tofauti na hakuna hata tone lililopotea, kwa sababu oili nyingi inakuwa bado iko juu haijarudi kwenye sampo. Kuongeza natumia chupa yenye alama za mililita, naandika nimeongeza ngapi. Baada ya mwezi na nusu nikawa najua: lita moja kila kilomita 600. Injini yangu inachukua lita 3.7 pamoja na filta, sasa piga hesabu mwenyewe mtu anayekaa kilomita 2,000 bila kufungua boneti anabakiwa na nini. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanaandika kwenye vitabu vyao kwamba hata lita moja kwa kilomita 1,000 bado ni kawaida, mi naona hiyo ni nyingi, lakini yangu ilikuwa imepita hata hapo.

Swali la kwanza kabla ya yote ni je, inamwagika au inaungua? Nikaosha injini vizuri na degrisa, nikafunika na nailoni sehemu za umeme, nikaiacha ikauka juani, afu nikapaka poda ya mtoto sehemu zote za maungio: kuzunguka kava ya tapeti, kava ya cheni mbele, swichi ya presha ya oili, filta, ukingo wa sampo. Nikaendesha siku mbili. Poda inakunywa oili na inaacha mstari, unaona kabisa imeanzia wapi. Yangu ilionyesha sehemu mbili, gasketi ya kava ya tapeti upande wa nyuma, na kile kidude kinachokaza cheni ya taimingi, kina oringi ndogo ya mpira ambayo ikikakamaa inavuja polepole na oili inashuka kimya kimya mpaka kule kule chini nilikobadilishiwa sili. Mpira wenyewe ni wa bei ya soda chache. Nikabadilisha vyote viwili, nikaanza kulaza boksi la kadibodi chini ya injini kila usiku, asubuhi kavu, wiki nzima kavu.

Nilifurahi sana, mpaka Jumamosi nilipofungua daftari. Lita moja kila kilomita 700. Yaani kule kwote kuvuja kulikuwa kunachukua kiasi kidogo tu, iliyobaki yote inaungua ndani.

Lakini mbona sioni moshi? Hili lilinichanganya muda mrefu. Kumbe masega ya kwenye ekzosti, yale ya kusafisha moshi, yakiwa bado mazima yanaweza kuunguza sehemu ya ule moshi, na ukiwa ndani ya gari unaendesha mjini huuoni wewe, anauona aliye nyuma yako.

Moshi wangu aliuona mama. Tulikuwa tunatoka Iringa, tumeshapita Ilula, tunashuka mlima Kitonga nyuma ya malori mawili, nimeweka gia ya 2 na mguu sijagusa mafuta kwa muda mrefu maana injini yenyewe ndo inashikilia gari. Kufika chini barabara ikafunguka nikakanyaga nipite. Mama siti ya nyuma akageuka, "Mwanangu, mbona nyuma kumefuka hivi, basi la nyuma halionekani." Nikatazama kioo, wingu la rangi ya bluu limetanda barabarani kati ya mibuyu. Baada ya mita mia kadhaa likaisha, na mpaka tunafika Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu hakukuwa na moshi wowote.

Nilimsimulia fundi mmoja mtu mzima, gereji yake ndogo iko chini ya mwembe, na alikuwa wa kwanza kuniuliza maswali badala ya kunipa jibu. Akasema, "Kijana wangu, ukishuka mlima mguu umeutoa kwenye mafuta, throto inayoingiza hewa imefungwa lakini pistoni bado zinavuta. Zinakosa hewa, zinavuta oili. Ukikanyaga tu inaungua yote kwa pamoja." Sasa inavutwa kutoka juu kwenye sili za valvu, au kutoka chini kwenye ringi? Akaniuliza, "Asubuhi ukiwasha mara ya kwanza inapiga moshi?" Nikasema hapana mzee, asubuhi safi kabisa. "Basi sili za valvu naziweka pembeni kwanza." Maana sili za valvu zikichoka oili inashuka taratibu usiku kucha kupitia kwenye valvu, inasubiri, ukiwasha asubuhi unapata wingu moja la bluu afu linakata.

Akachomoa valvu ya PCV, ile inayopitisha hewa ya ndani ya injini irudi kuunguzwa, akaitikisa sikioni ikagonga vizuri, nzima. Hii uianze wewe mwenyewe kwa kweli, ni kispea kidogo na kikiziba presha inajaa ndani na kusukuma oili popote penye upenyo. Maji ya rejeta hayakuwa na oili, kifuniko cha oili kwa ndani hakikuwa na utandu kama chai ya maziwa, kwa hiyo silinda hedi gasketi, inayotenganisha maji na oili, tukaiacha.

Afu akafungua plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wake. Tatu zina rangi ya kahawia ya kawaida. Ya silinda ya pili ilikuwa nyeusi, upande mmoja umeshika ukoko mgumu kama wa wali ulioungulia sufuriani, ukiugusa kwa ukucha unabanduka vipande vipande. Nyuzi za juu za hiyo plagi zilikuwa kavu, na hiyo inamaanisha oili haikuingilia kwenye tundu la plagi kutokea juu, ilitokea ndani ya silinda.

Nikamwambia lakini mzee, gereji nyingine walishapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa geji, silinda zote nne zinakaribiana na ziko juu, wakasema ringi nzima. Hapa ndo nilijifunza kitu ambacho nataka kila mwenye gari ya umri huu akijue. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndo zinazuia kompresheni isivuje, na ndizo geji inazozipima. Ya tatu, ringi ya oili, kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu madogo yaliyotobolewa kwenye pistoni. Hiyo geji haiioni. Kompresheni inaweza kuwa ya gari mpya na ringi ya tatu imekufa kabisa.

Tulipofungua injini nilikuwepo. Alitoa pistoni ya pili akanipa mkononi, imenata, inanuka oili iliyoungua. Ringi mbili za juu zinazunguka vizuri kwa kidole. Ya oili haisogei, imegandishwa na kaboni kwenye mfereji wake kama imegundishwa kwa gundi. Akachukua sindano akajaribu kuipitisha kwenye matundu ya kurudishia oili, yote yameziba. Kwenye injini za aina hii za miaka ya mwanzo matundu hayo yalitobolewa madogo na machache, oili ikichelewa kubadilishwa yanaziba kirahisi, na pistoni zilizokuja baadaye zimeongezewa. Kuta za silinda akazipima, zilikuwa bado ziko vizuri, kwa hiyo hatukuhitaji bloku wala kwenda kutafuta injini nyingine ya mtumba ambayo ingeweza kuwa na ugonjwa uleule.

Nikanunua pistoni za toleo la baadaye na ringi zake kwenye maduka ya spea ya Gerezani hapa Dar, na kwa kuwa hedi ilikuwa nje tukaweka na sili mpya za valvu. Nimerudi kwenye 5W-30 na namwaga kila kilomita 4,000.

Daftari linaendelea. Kilomita 3,800 tangu sevisi ya mwisho, dipstiki imeshuka kama upana wa punje mbili za mchele, sijaongeza kitu. Kitonga nimeshashuka mara mbili. Kuna unyevu kidogo nimeuona mbele kwenye kava ya cheni, nimeuzungushia alama ya chaki na kuandika tarehe, Jumamosi nitaangalia kama umevuka mstari.