Nilivyochagua trekta ndogo ya shamba la mawe na miteremko

Nianze na shamba lenyewe maana bila hilo hutaelewa kwa nini niliacha trekta ambayo karibu kila mtu alinambia nichukue. Nusu ya shamba ni mteremko, juu kuna mawe yanayochomoza kila mvua ikipita, chini kuna korongo, na njia ya kuingilia ni moja tu ambayo ikinyesha siku mbili mfululizo inakuwa utelezi mtupu. Kulima kwangu ni kidogo sana. Nilichotaka trekta inifanyie ni kufyeka nyasi na vichaka, kusomba mawe, kuburuta magogo na kusawazisha ile njia, na lazima iwe ndogo, hizi wanazoita kompakti, kwa sababu kubwa isingepita katikati ya miti.

Nilichoanza nacho, na naona wengi tunaanza hapohapo, ni kulinganisha hospawa. Nikakaa na karatasi usiku, hii 23, hii 25, hii 38, nikajua ndo nachagua trekta. Kumbe hospawa ni injini tu, haikwambii chochote kuhusu trekta itasimamaje kwenye mteremko ikiwa na mzigo. Kwa mfano John Deere 1025R ina hospawa 23.9 na Kubota L2501 ina 24.8, ukiangalia hapo tu utasema ni kitu kimoja. Sasa angalia uzito bila loda, yaani mikono na ndoo ya mbele, ya kwanza ni kama kilo 650 na ya pili ni kama 1,200. Yaani injini karibu sawa lakini moja ni karibu mara mbili ya mwenzake. Hiyo nyepesi ni trekta nzuri sana kwa sehemu ya tambarare, inageuka padogo na haikwangui nyasi, ila kwangu mimi kilo ndo zinazoshika ardhi, na ardhi yangu inataka kushikwa.

Hili nililielewa vizuri kabla ya kununua, na nililielewa kwa kutetemeka. Jirani aliniazima trekta yake ndogo nisombe mawe wikiendi moja nione kama kazi inawezekana. Nikajaza ndoo ya mbele, nikaanza kushuka trekta ikitazama chini ya kilima, nyuma sijafunga kitu chochote cha uzito na fowili, ile ya magurudumu yote manne kuvuta, sijaiweka. Nikakanyaga breki na trekta haikusimama, iliendelea kuteleza tu matairi ya nyuma yamekaza hayazunguki. Sababu ni kwamba trekta nyingi za aina hii breki zake ziko nyuma peke yake, na ndoo ikijaa mawe uzito wote unaenda mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, sasa breki itashika nini. Nikashusha ndoo mpaka ikagusa chini ndo ikasimama, kama mita nne kabla ya kona. Nilikaa pale kwenye kiti muda mrefu sijashuka.

Jirani alipokuja akanambia, "Kijana wangu, mzigo siku zote uelekee juu ya kilima. Kama ndoo imejaa unashuka kinyumenyume, polepole, ndoo iko chini karibu na ardhi, na fowili umeiweka." Akanieleza kwamba fowili kwenye kushuka sio ya kuvuta, ni ya kufanya matairi ya mbele nayo yashike kupitia gia, kwa hiyo unapata kama breki ya magurudumu manne. Shikamoo yangu kwa yule mzee haitaisha.

Tangu siku ile karatasi yangu ikabadilika kabisa. Nikafuta mstari wa hospawa nikaanza na uzito, upana wa magurudumu, nafasi chini ya tumbo la trekta, halafu injini ikawa ya mwisho.

Zikabaki mbili. Ile L2501, na nyingine ya hospawa 38 ambayo karibu kila mtu alinambia nichukue na muuzaji aliipigia debe sana. Ile ya 38 nilivutiwa nayo, siwezi kusema uongo, ila ilikuwa na ile filta ya kuchuja masizi kwenye ekzosi ambayo kila baada ya muda lazima iyachome hayo masizi yenyewe na injini iwe inazunguka kwa kasi, na mimi kazi zangu nyingi ni za dakika ishirini, nawasha nazima, nawasha nazima, na filta hiyo haipendi maisha ya hivo. Ndo maana utaona trekta nyingi sana zimewekwa hospawa 24 na pointi, ni kwa sababu ya sheria za moshi za Marekani ambazo tangu 2013 zimebana zaidi injini za dizeli kuanzia kilowati 19, ambazo ni hospawa 25 na ushee, watengenezaji wakaamua kusimama chini ya hapo wasihitaji ile filta. Mimi nilichotaka ni vitu vichache vya kuharibika mbali na fundi, basi nikachukua L2501.

Lakini ukichukua injini ndogo lazima ukubali na mashine ndogo ya kufyeka. Hapa watu wanakosea, wanaangalia hospawa ya injini wakati mashine ya nyuma inakula ile inayofika kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha mashine. L2501 ya gia inafikisha 20.5 huko nyuma, ya haidrostatiki, ile ya kuongoza mwendo kwa kanyagio na presha ya oili, inafikisha 19. Kipimo ambacho mafundi wengi wanakitumia kwa mashine ya kufyeka vichaka ni hospawa 5 za PTO kwa kila futi ya upana, kwa hiyo nikachukua ya futi 4, inayokaribiana na hapo, ile ya futi 5 niliyokuwa naiota nikaiacha. Inachukua muda mrefu zaidi kumaliza lakini haizimi injini kwenye nyasi nzito.

Gia au haidrostatiki, hapo nilibishana na fundi wangu karibu wiki nzima. Yeye ni mtu wa gia na hoja zake ni za kweli, bei ndogo, nguvu zaidi, kutengeneza rahisi. Mi nikachukua haidrostatiki kwa sababu kufyeka katikati ya visiki na mawe ni mbele nyuma mbele nyuma siku nzima, na nataka mguu ukiachia trekta ipunguze yenyewe. Ila kuna jambo moja nalisema kwa kila anayeigusa trekta yangu, lile gia la kuchagua kasi ndogo au kubwa USILIGUSE ukiwa kwenye mteremko. Likipita katikati tu, pale pa nutro, hakuna kinachoishika trekta tena, inashuka kama toroli. Unachagua kasi ndogo ukiwa tambarare, ndo unaingia kilimani.

Tairi nilichukua R1, zile zenye meno marefu ya shambani. R4, zile za meno mafupi na mapana, ni ngumu zaidi kwa miiba na mawe na zinabeba loda vizuri, lakini kwenye matope meno yake yanajaa na ile njia yangu ingenishinda. Za nyuma nikajaza maji mpaka robo tatu, ni zaidi ya kilo 100 kila upande na uzito wote uko chini, sio juu. Kwenye baridi ya kugandisha maji matupu hayafai, inabidi kuchanganya na kitu kingine. Rimu za nyuma nikamwambia fundi azigeuze ili magurudumu yakae mbali zaidi, akamalizia na bamba la chuma chini kulinda filta ya oili na mipira ya haidroliki, na nikafurahi sana kwamba nilifanya hivyo kabla ya kuanza kazi maana wiki ya pili tu lile bamba lilikuwa na mbonyeo wa jiwe saizi ya ngumi.

Loda ikiwa inafanya kazi nyuma naning'iniza boksi la zege, sijawahi kusomba mawe bila hilo. Chuma cha kukinga ikipinduka kiko juu muda wote na mkanda nimefunga, nikikilaza kupita chini ya matawi natoa mkanda, nikitoka tu nakisimamisha tena na kujifunga.

Saa ya trekta sasa hivi inasoma masaa 340 ya kazi. Mawe ya juu yameisha karibu yote, njia inapitika hata mvua ikinyesha. Upande wa korongo sijaipeleka na sitaipeleka, pale tunafyeka kwa mkono.