Siku moja na taka za Tabata, kutoka getini kwako hadi dampo la Pugu Kinyamwezi

Saa 11 alfajiri

Adhana ya alfajiri inatukuta tumeshavaa: gumbuti, glavu nene, barakoa, kizibao cha kung'aa. Nafanya kazi kwenye kikundi kinachozoa taka majumbani hapa Tabata, Dar es Salaam. Lori haliwezi kupita vichochoro vyetu, kwa hiyo linasubiri barabara ya lami na sisi tunaingia ndani na guta, kile chombo cha mizigo cha magurudumu matatu. Mmoja anatangulia akipuliza filimbi, wawili wanaingia uani, mwingine anabaki na guta asije mtoto akalichezea.

Saa 12 asubuhi

Ukisikia filimbi, toa taka. Tunawaomba watu wasizitoe usiku, maana mbwa na kunguru wakishapasua mfuko, asubuhi tunazoa kwa reki kitu kilichokuwa kimefungwa vizuri. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Juni 1, 2019, nyumba nyingi zinatumia viroba vya salfeti. Navipenda sana. Havipasuki, tunamwaga na kumrudishia mwenyewe.

"Shikamoo mama Rehema."

"Marahaba mwanangu. Vyako nimekuwekea pembeni."

Vyangu ni kiroba kidogo cha chupa za maji, boksi la sabuni na makopo, vyote vikavu. Maganda ya ndizi, machicha ya nazi na ukoko wa jana viko kwenye ndoo yao, na ndoo hiyo mara nyingi haifiki hata kwenye guta, kwa sababu jirani anayefuga nguruwe huwa ameshaipitia. Nyumba inayofuata, kila kitu kimo ndani ya kiroba kimoja: mchuzi, boksi, pampasi, chupa, majivu. Wingi wa taka ni uleule, ila za kwa mama Rehema karibu nusu yake inapata mnunuzi, na za jirani yake zote zinakwenda dampo.

Hili ndilo ningependa kila mtu wa mjini alijue. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwetu ni za kuoza. Zikikaa peke yake hazina madhara makubwa, zinafaa mifugo, zinafaa mboji. Zikimwagiwa juu ya vikavu, zinaharibu vyote viwili. Kutenganisha kunahitaji vyombo viwili tu, na chombo cha pili kinaweza kuwa kiroba cha unga kilichokwisha.

Saa 3

Chai ya rangi na chapati kwa mama lishe, haraka haraka. Wakati huu ndipo ninapopitia daftari la ada. Wengine huniambia, "Njoo mwisho wa mwezi, dada." Nawaelewa, maisha ni magumu kwa kila mtu. Lakini mafuta ya lori hayakopeshwi, na wasiolipa wanazolewa kwa pesa ya waliolipa.

Saa 4 hadi saa 7

Kuchambua. Tunamwaga vikavu juu ya turubai na kila mtu anashika gunia lake. Chupa ya maji isiyo na rangi ndiyo yenye bei nzuri. Za kijani na bluu zinakaa kivyake, madumu na ndoo zilizopasuka kivyake, maboksi kivyake. Geuza chupa utazame kitako chake, utaona pembetatu yenye namba ndani. 1 ni chupa za maji na soda. 2 ni madumu na chupa za shampuu. 5 ni makopo ya majarini na vyombo vingi vya chakula. Kila namba inayeyuka kwa joto lake, ndiyo maana mnunuzi akikuta zimechanganyika anakata bei ya gunia zima. Vifuniko tunavifungua. Kifuniko ni plastiki tofauti na chupa yake, na ukivisaga ukavitia majini, vipande vya chupa vinazama na vya kifuniko vinaelea. Boksi lililolowa mchuzi linarudi kwenye lori, hakuna anayelitaka.

Leo nimekuta sindano ndani ya pakiti ya tambi. Imetumika, haina kifuniko. Mwenzetu mmoja aliwahi kuchomwa na sindano ya namna hii kupitia glavu, akapewa dawa za kuzuia VVU za kumeza siku 28, na siku zote hizo mke wake hakupata usingizi. Ndugu zangu mnaojidunga dawa za kisukari nyumbani, nawasihi: tieni sindano kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, ikijaa ipelekeni kituo cha afya. Wembe na vioo vilivyovunjika vifungeni kwenye boksi, mtuambie mnapotukabidhi. Neno moja tu pale getini linatosha kumwokoa mtu.

Saa 8 mchana

Lori limefunikwa turubai, tunashika Barabara ya Nyerere, Ukonga, Gongo la Mboto, hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Kijana mgeni kikundini anauliza kwa nini tuende mbali hivi wakati Tabata kwenyewe kuna mahali panaitwa Dampo.

Nikamweleza. Taka za jiji zilikuwa zikimwagwa hapo hapo Tabata, moshi na harufu ndani ya nyumba za watu. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988, wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akisema hajawahi kusikia mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Taka zikahamia Vingunguti, kisha zikaenda Mtoni, sasa ni Pugu. Wazee wetu walijitetea kwa haki kabisa, na kila safari mzigo ulipotoka kwetu ulishuka karibu na watu wengine. Ndiyo maana siridhiki nikiona lori limejaa vitu ambavyo havikupaswa kupanda.

Pugu kuna foleni. Masika ni mbaya zaidi, njia ya ndani inakuwa tope, malori yanakwama, na ukiona taka zimelala mtaani kwako wiki ya mvua, mara nyingi chanzo ni hapo. Waokota makopo wanakimbilia lori kabla halijamaliza kumwaga, wengine na ndala tu miguuni. Wanatafuta zile chupa ambazo zingetenganishwa jikoni zingekuwa safi.

Saa 12 jioni

Kikao kifupi ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti ametupa nafasi tuzungumze na wenye nyumba. Ombi letu ni vyombo viwili kila ua, na mvua ikinyesha mtu asisukumie taka mtaroni. Mitaro yetu inaingia Mto Msimbazi, na kinachotupwa huku ndicho kinachoziba maji yakawafurikia wenzetu wa Jangwani, kule chini bondeni.

Mzee mmoja akasimama. "Wapangaji wangu ni familia nyingi, nani atasimamia?" Swali la haki. Tukakubaliana kila ua uwe na mama mmoja wa kusimamia, na pesa ya vikavu vya ua wake ikatwe kwenye ada yao. Nyua kadhaa zimejiandikisha papo hapo. Jumamosi tunaanza kuzipitia, tukiwa na viroba vya bure kwa wasio navyo.