Mji wa Saa Nne Asubuhi

Kwa miaka yote niliyotumikia masjala ya wizara moja hapa Dar es Salaam, niliujua mji huu kwa ncha zake mbili tu: alfajiri, watu wakigombea milango ya mabasi kwenda mjini, na jioni, watu hao hao wakigombea milango ile ile kurudi walikotoka. Yaliyokuwa yakiendelea kati ya saa moja na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri sikuyafahamu, kwa kuwa hizo ndizo saa anazodaiwa mtumishi wa umma, na mimi nilizimaliza katikati ya majalada, nikiyasajili yanapoingia na kuyasaka yanapopotea. Sheria humtaka mtumishi astaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Nilipoitimiza nilikabidhi funguo za makabati, nikakatiwa keki, nikasikiliza hotuba iliyonisifu kwa mambo ambayo mengine hayakuwahi kutokea, nikarudi zangu Magomeni. Wengi walinitabiria upweke na maradhi. Hakuna aliyenidokeza kwamba nilikuwa nakwenda kukutana na mji nisioujua.

Niseme mapema kwamba siandiki habari za fedha. Mstaafu wa nchi hii hupokea ushauri mwingi kuliko kiinua mgongo chenyewe: kuku wa mayai, bodaboda, kiwanja Kigamboni, mashine ya matofali. Nilimsikiliza kila mmoja, nikamshukuru, kisha nikaezeka upya paa la nyumba, na kilichobaki nikakiacha benki. Ninachotaka kukieleza hapa ni saa za katikati, hasa saa nne asubuhi, saa ambayo wenye ajira wamekwisha kumezwa na maofisi, wanafunzi wako madarasani, jua halijawa kali, na mji umebaki mikononi mwa wachuuzi, mafundi, akina mama na sisi wazee.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba mtaa wangu una ratiba, na ratiba hiyo husomwa kwa masikio. Mama wa vitumbua nilimfahamu tangu zamani, kwani yeye huanza kabla ya mapambazuko. Wanaofuata ndio waliokuwa wageni kwangu. Kwanza hupita mwenye mboga, akitaja mchicha, matembele na kisamvu kwa mfuatano ambao haubadilishi hata siku ambayo kisamvu hakuwa nacho. Baada yake huja muuza samaki na baiskeli yenye tenga nyuma, akipuliza honi ya mpira, na paka wote wa uchochoro wetu huijua honi hiyo kuliko sisi. Fundi viatu hapazi sauti. Yeye hugonga kisanduku chake cha mbao kwa brashi huku akitembea, na ukimhitaji unajua. Mnunuzi wa chuma chakavu hutaja kila kitu asichokitaka mwenye nyumba: makopo, betri mbovu, majiko, masufuria yaliyotoboka. Siku hizi yuko pia kijana wa dawa za kunguni, mende na panya, ambaye amerekodi maneno yake katika kipaza sauti kidogo anachokining'iniza kifuani, nacho kinasema peke yake kutwa nzima wakati yeye mwenyewe anachezea simu. Nakiri kwamba huyu simpendi. Mchuuzi mwenye sauti yake mwenyewe unaweza kumwita, akanyamaza, mkajuliana hali. Yule wa kipaza sauti hukusalimia huku kile kidude kikiendelea kutangaza vifo vya panya.

Mke wangu, aliyestaafu ualimu kabla yangu, alikuwa amekwisha kuizoea ratiba hiyo, akawa na mpangilio wake wa nyumba ambamo mimi sikuwamo. Wiki za mwanzo nilikaa kibarazani nikitoa maoni juu ya bei za mchicha na juu ya namna ya kuanika nguo. Alinivumilia kwa heshima, mpaka asubuhi moja akaniuliza, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiupeta, "Mzee, hivi leo huna safari?" Sikuwa na safari, lakini nilivaa viatu nikatoka, na tangu hapo nikawa mtu wa safari.

Safari zangu huanzia kituo cha Magomeni Mapipa. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, wakati mimi bado ni mwajiriwa, na kwa muda wote huo niliyapanda nikiwa nimesimama, mkono mmoja juu na mwingine mfukoni kulinda simu. Saa nne asubuhi basi lile lile lina viti. Nakaa dirishani, upande wa kushoto, tunavuka Bonde la Msimbazi pale Jangwani, ambapo wakati wa masika maji hupanda mpaka barabara ikafungwa, na nje ya masika utaona bustani za mboga na vijana wakicheza kandanda. Kijana akinikuta nimesimama, na hutokea mara chache, huniamkia shikamoo na kuniachia kiti kabla sijaitikia marahaba. Hapo mwanzo nilikataa viti hivyo, nikidhani kwamba bado sijafika huko. Sasa nakaa.

Mwisho wa safari ni Kivukoni, na hapo ndipo penye starehe yangu kubwa kwa gharama ndogo. Kwa shilingi 200 mtembea kwa miguu huvushwa na pantoni mpaka Kigamboni, mwendo usiozidi dakika kumi, na kwa shilingi 200 nyingine hurudishwa. Tangu daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 wenye magari wana njia nyingine, lakini pantoni haijakosa watu. Asubuhi mapema na jioni ni msukumano ambao simshauri mtu wa rika langu kuujaribu. Saa nne na nusu kuna nafasi ya kuegemea ukingo, kati ya baiskeli zilizobeba nazi na akina mama wenye ndoo, ukiutazama mlango mwembamba wa bandari, paa jekundu la kanisa la Azania Front, na minara ya vioo iliyoota nyuma yake katika miaka ambayo mimi nilikuwa nimeinamia rejesta. Wakati mwingine meli kubwa ya makasha huingia, na pantoni husubiri ipite. Wenye haraka hunung'unika. Mimi huona nimepewa nyongeza. Sina shughuli Kigamboni. Nashuka, nanunua dafu, nalinywa pale pale, namwomba muuzaji anipasulie nile nyama yake, kisha napanga foleni ya kurudi. Mwanangu aliwahi kuniuliza nilikwenda kufanya nini, nikamjibu kwamba nilikwenda Kigamboni, na sikuona cha kuongeza.

Nikirudi upande wa mjini napitia soko la samaki la Feri. Mnada wa alfajiri nausikia kwa wengine, na sina hamu nao, maana ule ni wa wenye mahoteli na wachuuzi wa jumla ambao hununua ndoo kwa ndoo. Wakati wangu ni ule ambapo wakubwa wameondoka, barafu inayeyuka, na aliyebakiwa na samaki ana hiari ya kuzungumza. Nimejifunza kutazama jicho na kufunua shavu kabla ya kuuliza bei, na kutokutaja mapema ninachokitaka. Changu na kolekole huniponyoka kwa bei mara nyingi. Vibua ni rafiki wa pensheni. Kuna vijana wa kupaa samaki ambao hufanya kwa dakika mbili kazi ambayo mimi ingenichukua nusu saa na kidole kimoja, na ujira wao ni mdogo kiasi kwamba kuwapunja ni aibu. Harufu ya soko huingia kwenye shati na hukaa humo mpaka jioni. Mke wangu ameniamuru nifikie uani, nisipite sebuleni.

Siku ambayo sitaki bahari nashukia Posta ya Zamani, natembea mpaka Bustani ya Mimea. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribia mazao waliyotaka kuyaeneza katika koloni lao, na ingawa mji umeila pande zote, miti iliyobaki ni mirefu na kivuli chake ni cha baridi kweli, si kile cha mabati ambacho hukukinga jua na kukupikia kwa joto. Jirani yake ni Makumbusho ya Taifa, ambayo kwa miaka mingi niliyapita nikiwahi kazini. Ndani yake kuna fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, alilolivumbua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na lenye umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Kuna pia magari waliyoyatumia viongozi wa nchi yetu. Mtu wa masjala hawezi kujizuia kusoma kila kibandiko, na mimi husoma vyote, namba ya kumbukumbu kwanza. Wanafunzi hupita mbio wakiongozwa na mwalimu aliyechoka, na mimi nabaki na fuvu, hatuna haraka sote wawili.

Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ni kituo changu cha siku za mvua. Wengi waliomo ni wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, nao huniangalia kama kwamba nami nina mtihani. Naenda kusoma magazeti, kwa kuwa desturi ya kusimama mbele ya meza ya muuza magazeti na kusoma vichwa vya habari bila kununua imeniwia vigumu kidogo tangu magoti yalipoanza kulalamika. Hata hivyo sijaiacha kabisa. Kusoma vichwa vya habari ukiwa umesimama na watu kumi usiowajua, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akimpinga mwandishi papo hapo, ni mkutano wa hadhara usio na mwenyekiti, na mara nyingi mchango wa msukuma mkokoteni aliyesimama nyuma hunifaa kuliko tahariri.

Narudi nyumbani saa saba, tunakula, na baada ya chakula najinyoosha. Juu ya usingizi wa mchana sina maelezo zaidi ya kwamba serikali ingeuruhusu, majalada machache zaidi yangepotea.

Alasiri ni ya kijiwe. Chini ya mwarobaini uliopo jirani na msikiti wa mtaani kwetu hukaa wazee na wasio wazee, na muuza kahawa hufika na birika lake juu ya makaa, akigongesha vikombe vidogo vya udongo mweupe mkononi mwake ili tujue kwamba amefika, ingawa tunamwona. Kahawa chungu, kipande cha kashata ya nazi, kisha bao. Vijiwe vingi vya mji huu vimehamia kwenye drafti, inayochezwa kwa vizibo vya soda. Chetu kimeshikilia bao la kete, kwa sababu mwenye ubao ndiye mwenye benchi. Mimi sikuwahi kulicheza utotoni, hivyo naanza kujifunza uzeeni mchezo wenye mashimo 32 na kete 64, ambapo kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, na kabla hizo hazijaisha unatakiwa uwe umekwisha kuijua hali ya nyumba yako, lile shimo maalumu la kila mchezaji, na ya mwenzako. Aliyenipokea kama mwanafunzi ni mzee aliyekuwa kuli bandarini. Haelezi. Hucheza, hunila kete zangu zote za mbele, hunitazama, kisha huzirudisha kwenye mashimo kama zilivyokuwa na kuniambia, "Haya, sasa fikiri." Nimeanza kuutambua ule wakati ambapo huna la kula na lazima utakate, yaani uzungushe kete bila kula, na nimejua kwamba kutakata vizuri ni ufundi mkubwa kuliko kula. Nikifika mtaji, hatua ya baada ya kete za mkononi kwisha, bado ni mnyonge. Watazamaji hunishauri kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mmoja kete yake.

Mazungumzo ya pale ni Simba na Yanga kwanza, kisha bei ya vitu, kisha maradhi. Klabu hizo mbili zimekuwa zikigombana tangu miaka ya 1930, Yanga ikiwa imeanzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na hoja zote zilikwisha kutolewa kabla hatujazaliwa, jambo ambalo halimzuii yeyote kuzitoa upya. Mimi ni wa Jangwani, yaani Yanga, na mwalimu wangu wa bao ni wa Msimbazi, yaani Simba. Wiki ya watani wa jadi hanifundishi chochote, hunila tu.

Miezi ninayoipenda ni Juni mpaka Agosti, wakati kusi inavuma, joto limepungua, na mtu anaweza kutembea kutoka Posta mpaka Kariakoo bila kubadilisha shati. Juni 2024 ilipoanza treni ya umeme ya kwenda Morogoro, tulipanda mimi na mke wangu katikati ya wiki, siku ambayo abiria ni wachache. Tulifika kwa muda usiotimia saa mbili, tukala wali kwa maharage tukiiangalia milima ya Uluguru, tukanunua ndizi, tukarudi siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyependekeza, na tangu hapo ameacha kuniuliza kama nina safari. Sasa huniuliza ni ya upande gani, ili anipe orodha. Ya kesho imekwisha kubandikwa kwenye mlango wa jokofu, kwa mwandiko wa mwalimu: nazi mbili, ndimu, vibua wa kukaanga wasiozidi kilo, na mstari wa mwisho umepigiwa alama chini, kwamba nguru asinunuliwe kwa sababu yoyote ile mpaka pensheni iingie.