Mchujo wa magavana Marekani, kwa macho ya Dar

Sisi Dar mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, basi. Marekani gavana anapigiwa kura, na tarehe 3 Novemba 2026 majimbo 36 yanachagua wa kwao. Kazi kubwa lakini iko kwenye mchujo wa vyama.

Huku mtu anaongoza kura za maoni, halafu vikao vya juu vya chama vinamkata. Kule mchujo kwa kawaida unasimamiwa na serikali, na mshindi ndiye jina lake linaingia kwenye karatasi ya Novemba. Chama kikinuna, shauri yake.

Kila jimbo lina sheria zake, na hapo ndipo wapiga kura wengi wanapokwama. New York, mchujo wa chama ni wa waliojiandikisha kama wanachama tu. Mchujo wa Juni, lakini ukitaka kuhama chama fomu iwe imefika kufikia 14 Februari. Georgia, anayeongoza bila kuvuka nusu ya kura anarudiana na wa pili.

California ndiyo kiboko. Wagombea wa vyama vyote wako karatasi moja, wawili wa juu wanasonga mbele, hata wakiwa chama kimoja. Mwaka 2012, jimbo la uchaguzi la 31 la California katika Bunge la Marekani, Wademokrati wanne waligawana kura zao. Wakapita Warepublican wawili. Kwa hiyo huko, kumshawishi mwenzako ajitoe mapema ni hesabu muhimu kuliko mabango. Na akichelewa, jina lake linabaki kwenye karatasi likila kura.