Siku moja maishani mwangu: siku ya kwanza ya hedhi, ndani ya kibanda cha wakala wa fedha za simu

Saa 11 alfajiri

Kiuno ndicho kinachoniamsha. Kwangu mimi kiuno na mapaja hutangulia, tumbo linafuata. Nikishasikia ule mvuto unaoshuka mpaka magotini najua sina muda. Nabandika chai ya tangawizi, nakula mkate mkavu kwa kujilazimisha maana kichefuchefu kimeshaanza, kisha nameza ibuprofeni ya miligramu 400. Chakula kwanza, dawa baadaye. Hilo halina mjadala.

Daktari wa kituo cha afya alinifafanulia vizuri. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukianza kubomoka hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini, na hizo ndizo zinazoukamua mji wa mimba. Zikiwa nyingi, misuli inabana hadi damu inashindwa kuifikia vizuri, nawe unaona nyota. Ibuprofeni huzuia zisiendelee kutengenezwa, ila zilizokwisha kutoka haina ubavu nazo. Kwa hiyo kidonge kimoja cha alfajiri kinanifaa kuliko viwili vya saa nne, tumbo likishachachamaa. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu au ujauzito asiniige, amuulize daktari kwanza.

Saa 12 asubuhi

Maji ya kuoga ya moto, hata kama Dar tayari imeshaanza kupika watu. Pedi ya usiku mchana kweupe, chupi mbili, dera jeusi, kitenge cha akiba kwenye mkoba. Halafu silaha yangu: chupa bapa ya kioo, zile za pombe kali, niliyoiomba baa ya jirani. Naijaza maji ya moto (ya kuchemka yataipasua), naizungushia khanga, naibana chini ya kitovu. Za plastiki zinalegea na hazikai. Kuna mteja aliwahi kuiona ikichungulia kiunoni, na tangu siku hiyo akitoa hela kwangu anazihesabu mara tatu.

Saa 12 na nusu

Kutoka Chamazi hadi Rangi Tatu kusimama leo siwezi. Nageuza na gari: napanda linalokwenda kituo cha mwisho, nalipa nauli mbili, narudi nalo nimekaa dirishani. Konda ananiuliza, "Dada, leo umekuwa mheshimiwa?" Namwambia ndiyo.

Saa 2

Nafungua kibanda. Simu nne za mitandao, daftari, droo, kiti cha plastiki. Naangalia floti, yaani salio la simuni la kufanyia miamala, nahesabu keshi. Siku kama hii kichwa kinakuwa kizito na noti ya elfu kumi naweza kuihesabu kwa elfu tano, kwa hiyo utaratibu ni mmoja: nahesabu mbele ya mteja, namtaka naye ahesabu, ndipo nathibitisha muamala. Wengine wanakereka. Bora wakereke, pengo la fedha hapa linatoka mfukoni mwangu.

Saa 4

Hapa ndipo penyewe.

Maumivu yanakuja kwa mawimbi. Linakuja moja nashika ukingo wa meza, jasho jembamba linatoka juu ya mdomo, naambiwa "dada, toa laki na ishirini" nami naitikia kwa kichwa. Likipita nabonyeza namba. Watu wakisikia tumbo la hedhi wanafikiria tumbo tu. Hawajui kwamba kemikali zilezile zinaubana na utumbo, ndiyo maana wengi wetu siku ya kwanza tunaharisha. Mgongo, kichwa, kutapika, miguu kuishiwa nguvu, vyote ni safari moja. Na kwa mtu anayekaa peke yake na droo ya hela za watu, kuharisha ni janga kuliko maumivu yenyewe.

Choo cha kulipia kiko ng'ambo, stendi. Nikifunga kibanda, mteja anahamia kwa wakala wa pili, hatua kumi tu kutoka hapa, na kamisheni yake imekwenda. Nikiacha wazi, ndiyo usiseme. Kwa hiyo nina mkataba na mama wa chapati. Namwita, "Mama, niangalizie," naye anajua. Keshi na simu naingia nazo chooni kwenye mkoba wa shingoni, yeye anakaa kitini na kumwambia kila anayekuja, "Anarudi sasa hivi, kaa hapa, chapati ni za moto." Ananiuzia sura na kujiuzia chapati. Shilingi mia tatu za choo natenga tangu asubuhi kwenye kikopo, sarafu tupu, nisije nikaanza kutafuta chenji huku nimebana miguu.

Yeye ndiye mtu wa kwanza hapa sokoni niliyemwambia kwa kirefu. Alisema ni chango, akanitajia mizizi ya kuchemsha. Mizizi sikunywa, lakini kitini alikaa, na msaada huo ndio nilioupungukiwa kuliko dawa.

Saa 7 mchana

Saa nane zimetimia tangu kidonge cha kwanza. Wali maharage, nusu sahani, kisha cha pili. Naenda duka la dawa kununua pedi na kijana ananishawishi nichukue vidonge vya diklofenaki "vya nguvu zaidi". Ibuprofeni na diklofenaki ni ukoo mmoja, ukizichanganya unaongeza hatari ya kutoboka tumbo bila kupata nafuu ya maana. Parasetamo ndiyo ninayoweza kuongezea juu yake. Nalipia pedi tu. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi iliondolewa nchini mwaka 2018, ikarudishwa 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka madukani. Dukani kwetu bei haijawahi kuniuliza kama kodi ipo au haipo.

Saa 9

Wimbi limelegea, limebaki zito la chini chini. Bosi anapita kuchukua hesabu. Ni mtu mzima, ananiheshimu, namwamkia. "Marahaba. Mbona umepauka hivyo, malaria?" Namjibu kwamba hapana, niko kwenye siku zangu, na zangu ni kali, na mwezi ujao nitaomba mtu wa kunishikia nusu siku ya kwanza. Anatazama juu, anatazama simu, anasema, "Sawa, utanikumbusha." Mwanamume wa Kizaramo wa miaka sitini, hilo ni jibu zuri kuliko nilivyotarajia.

Zambia, hapo tu ukivuka Tunduma, sheria ya ajira ya 2019 inampa mfanyakazi mwanamke siku moja ya mapumziko kila mwezi bila cheti cha daktari. Wanaiita Siku ya Mama, hata kama huna mtoto. Mimi ninayekula kamisheni sheria kama hiyo isingenifikia moja kwa moja, lakini ingempa bosi wangu pa kuanzia mazungumzo badala ya kutazama simu.

Saa 12 jioni

Nafunga hesabu, inalingana. Nyuma ya daftari la floti nina ukurasa mwingine: tarehe, maumivu kati ya sifuri na kumi, pedi ngapi, mabonge ya damu yapo au hayapo, dawa saa ngapi. Daktari ndiye aliyetaka. Nilipigwa ultrasaundi, uvimbe haukuonekana, na nilitegemea aniambie basi huna kitu. Alisema kinyume chake. Endometriosi, pale tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba inapoota nje yake, mara nyingi haionekani kwenye ultrasaundi ya kawaida, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa wanayo. Akaniandikia rufaa kwa daktari bingwa wa wanawake. Aliniambia pia nisisubiri miadi iwapo pedi inajaa ndani ya saa moja kwa saa kadhaa mfululizo, nikizimia, au nikipata homa. Vidonge vya uzazi wa mpango alivitaja kama njia ya kupunguza maumivu. Tutaamua nikishamwona bingwa.

Saa 3 usiku

Kidonge cha tatu, juu ya uji. Mama anapiga kutoka Rufiji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumbo?"

"Tumbo."

"Ukizaa litaisha."

Namwambia daktari kasema haliishi hivyo kwa kila mtu, na kwamba bingwa atauliza kama katika ukoo kuna mwenye shida kama hii, maana huwa inafuata damu. Ananyamaza kidogo.

"Mimi nilikuwa nalala chini kwenye sakafu, siku mbili. Bibi yako alikuwa ananifungia mlango watu wasione."

"Mama, na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Namwomba amuulize na mama mkubwa. Anasema atamuuliza, ila si leo, maana wako sebuleni wote na baba yupo hapo hapo anasikiliza taarifa ya habari.